Gia ya Nguvu Isiyo na Nguvu: Uhakiki wa Istilahi za Giaboksi

Hivi karibuni tuliletewa mswada wa kijitabu cha madereva, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuikague lugha yake kabla haujapigwa chapa. Kwa jumla mfasiri alikuwa amefanya kazi ya kusifiwa. Sentensi zake zilikuwa nyoofu, sarufi yake haikuwa na doa, na pale alipokuta vitu ambavyo madereva wetu wana majina yake tayari, kama vile klachi, breki, stelingi na difu, hakuona haya kuyatumia majina hayo. Lakini katika sura ya giaboksi tulikuta jambo lililotusimamisha. Kitu kimoja, ambacho mafundi wetu hukiita ovadraivu, kilikuwa kimepewa majina matatu. Katika ukurasa mmoja kiliitwa "mwendo wa kupita kiasi", katika ukurasa uliofuata kikaitwa "gia ya tano", na mbele zaidi kikaitwa "gia ya nguvu".

Zaidi ya hayo, palikuwa na sentensi moja iliyosema: "Unapopanda au kuteremka mlima mrefu, zima gia ya nguvu." Aliyeusoma mswada kabla yetu, mtu mwangalifu kabisa, aliiona sentensi hiyo haiingii akilini. Iweje dereva aambiwe azime nguvu wakati ule hasa anapoihitaji? Akadhani ni kosa la mpiga taipu; akalikata neno "zima" na kuandika "washa" juu yake kwa wino mwekundu. Hivyo agizo lililokuwa sahihi likageuka kuwa agizo la hatari, na aliyeligeuza hakuwa mzembe. Alikuwa ameliamini jina lenyewe.

Ndiyo maana tumeona yafaa kulileta suala hili mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wasomao kurasa hizi. Hoja yetu ni moja. Istilahi ya giaboksi haina budi kujengwa juu ya uhusiano uliopo baina ya mzunguko unaoingia na mzunguko unaotoka. Isijengwe juu ya vipande vya neno la Kiingereza, wala juu ya nafasi ya gia katika hesabu. Misingi hiyo miwili ndiyo iliyompoteza mfasiri wetu, na tutaonyesha kwamba itampoteza kila atakayeifuata.

MAANA YENYEWE

Kabla ya kulihukumu jina hapana budi kukijua kitu. Injini ya gari hutoa nguvu yake ikiwa inazunguka kwa kasi. Gurudumu, kwa upande wake, huanza safari likiwa limesimama kabisa. Kazi ya giaboksi ni kuvipatanisha vitu hivi viwili. Ndani yake mna magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali. Dogo likizungusha kubwa, lile kubwa huzunguka polepole lakini kwa nguvu zaidi. Kubwa likizungusha dogo, lile dogo huzunguka upesi lakini kwa nguvu pungufu. Kanuni hii haina msamaha: kinachoongezwa katika idadi ya mizunguko hutolewa katika nguvu ya kuzungusha, na kinachoongezwa katika nguvu hiyo hutolewa katika mizunguko.

Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili darasani hahitaji giaboksi, baiskeli yatosha. Tuseme gurudumu la meno lililo penye pedeli lina meno 44, na lile la nyuma lina meno 22. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili. Miguu imezunguka kidogo, gurudumu limezunguka sana, na kila aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli ya namna hiyo anajua kwamba gharama yake hulipwa kwa jasho. Kwa lugha ya giaboksi, baiskeli hiyo i katika ovadraivu tangu siku iliponunuliwa.

Wahandisi huueleza uhusiano huu kwa uwiano, yaani ni mara ngapi shafti iingiayo katika giaboksi kutoka kwenye injini huzunguka ili shafti itokayo izunguke mara moja. Uwiano wa 3 una maana kwamba injini huzunguka mara tatu na shafti itokayo mara moja. Uwiano wa 1 una maana kwamba zote mbili huzunguka sawa. Uwiano wa 0.70 una maana kwamba injini ikizunguka mara 70, shafti itokayo imekwisha kuzunguka mara 100. Uwiano wowote ulio chini ya 1 ndio ovadraivu. Hakuna siri nyingine ndani ya neno hili.

Tutoe mfano wa giaboksi moja ya kujibadilisha yenyewe, ile ya General Motors ya Marekani iliyotolewa mwaka 1982 kwa jina la 700R4. Uwiano wa gia zake nne ni 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Kwa hesabu ya meno peke yake, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tatu hushuka hadi mara 2,100 katika gia ya nne, ilhali gari laenda kwa mwendo uleule. Faida yake ni dhahiri: mafuta hupungua, kelele hupungua, na injini haichakai upesi. Hasara yake pia ni dhahiri. Kwa nguvu ileile ya injini, kinachofika kwenye magurudumu katika gia ya nne ni asilimia 70 tu ya kile kilichofika katika gia ya tatu. Basi, kuiita gia hiyo "gia ya nguvu" ni kukiita kitu kwa jina la kile kilichopungukiwa nacho.

Nayo hasara haiishii kwenye kupanda. Katika mteremko, dereva mwenye hekima huiacha injini isaidie kulizuia gari, kwa sababu magurudumu yanapoizungusha injini kwa kasi, injini nayo hukataa na kuyavuta nyuma. Katika ovadraivu magurudumu huizungusha injini polepole, na kizuizi hicho huwa hafifu. Mzigo wote huangukia breki. Mtu aliyewahi kuteremka Kitonga, katika barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, nyuma ya lori lililojaa shehena, na kunusa harufu ya breki zinazoungua, hahitaji kuelezwa zaidi. Wino mwekundu wa yule msomaji wa mswada ungemfikisha dereva mahali kama hapo akiwa na maagizo ya kinyume mkononi.

HESABU YA GIA HAITUAMBII NENO

Jina la pili la mswada, "gia ya tano", lina asili inayoeleweka. Katika magari mengi ya kubadilishwa gia kwa mkono, yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, gia ya nne huwa na uwiano wa 1, na ya tano ndiyo iliyo chini ya 1. Mfasiri aliyezoea gari la namna hiyo huona kwamba ovadraivu na gia ya tano ni kitu kimoja. Tatizo ni kwamba uhusiano huo ni wa gari lake tu.

Tutazame hesabu ilivyokwenda. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele, na ile ya pili ilikuwa ya moja kwa moja, yaani uwiano wa 1. Giaboksi ya Hydra-Matic, iliyowekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilikuwa na gia nne, na ya nne ilikuwa na uwiano wa 1. Ile ya mwaka 1982 tuliyoitaja ina gia nne vilevile, lakini ya nne ni 0.70. Zote mbili ni "za gia nne", zote mbili zatoka katika kampuni ileile, na moja ina ovadraivu na nyingine haina. Anayesoma hesabu peke yake hawezi kuzitofautisha.

Tukiyaangalia magari tuliyoyafahamu zaidi katika Afrika Mashariki, mambo ni yaleyale. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo moja yake ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1962, ilikuwa na gia nne, na ya nne ilikuwa chini ya 1. Land Rover ya zama hizohizo ilikuwa na gia nne, na ya nne ilikuwa 1 kamili. Dereva aliyehama kutoka gari moja kwenda jingine aliona "gia ya nne" mbili zenye namba moja na tabia mbili.

Siku hizi hesabu imepanda. Giaboksi ya kampuni ya ZF ya Ujerumani yenye gia nane, iliyoanza kuingia katika magari mwaka 2009, ina uwiano wa 1 katika gia ya sita. Ya saba na ya nane zote ni ovadraivu. Giaboksi ya gia kumi iliyobuniwa kwa ushirikiano wa Ford na General Motors, na kuanza kuuzwa katika magari ya mwaka 2017, ina uwiano wa 1 katika gia ya saba, na zilizobaki tatu zote zi chini ya 1. Mfasiri aliyekwisha kuiita ovadraivu "gia ya tano" ataifanyaje giaboksi ambayo gia yake ya tano bado inapunguza mzunguko, na ambayo ina ovadraivu tatu?

Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Katika majina ya giaboksi za malori za Fuller, kwa mfano RTLO-16918B, tarakimu mbili za mwisho, yaani 18, husema idadi ya gia za kwenda mbele, na herufi O husema kwamba ina ovadraivu. Hesabu imepewa mahali pake, na ovadraivu imepewa mahali pake. Ikiwa mtengenezaji ameona haja ya kuyatenga mambo haya mawili katika jina moja la kiwandani, mfasiri hana sababu ya kuyachanganya.

Tena yapo magari yasiyokuwa na gia za kuhesabika kabisa. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari la namna hiyo mwaka 1958, linalotumia mikanda na puli ambazo upana wake hubadilika kadiri gari linavyokwenda. Mengi yanayotoka Japani siku hizi yana mtambo wa jamii hiyo. Humo uwiano huteleza kutoka mkubwa hadi mdogo bila ya ngazi, na hupita chini ya 1 bila ya kuwapo "gia ya" ngapi yoyote. Istilahi iliyofungwa kwenye hesabu hufia hapo.

KUPITA KIASI GANI?

Turudi kwenye jina la kwanza, "mwendo wa kupita kiasi". Hili limepatikana kwa kulipasua neno la Kiingereza vipande viwili na kukifasiri kila kipande peke yake. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, kwa Mswahili, kupita kiasi ni lawama: anayekula kupita kiasi amekosea, na anayekwenda kupita kiasi hukamatwa na polisi. Tumesikia mwanafunzi wa udereva akiuliza kama sheria inaruhusu gia hiyo. Pili, na kubwa zaidi, neno "mwendo" humfanya msomaji adhani kwamba kinachozidi ni mwendo wa gari. Sivyo. Kinachozidi ni mzunguko wa shafti itokayo kuliko ule wa shafti iingiayo. Magari mengi hayafikii mwendo wao wa juu kabisa katika ovadraivu, bali katika gia iliyo chini yake, kwa kuwa nguvu iliyobaki haitoshi kuushinda upepo.

Kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kulikubali jina jingine ambalo baadhi ya wenzetu wamelipendekeza katika mazungumzo, yaani "gia ya kasi". Lina ukweli nusu. Dereva hulitumia kweli akiwa katika kasi, lakini si gia hiyo iletayo kasi. Tukilikubali tutamfundisha kijana kwamba akitaka kulipita lori aingize gia ya kasi, na gari litamlegea katikati ya barabara.

Yafaa pia kukumbuka kwamba giaboksi haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake ipo difu, nayo ina uwiano wake. Gari lenye gia ya mwisho ya 0.70 na difu ya 4.10 huzungusha injini mara 2.87 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari lenye gia ya mwisho ya 1.00 na difu ya 2.73 huizungusha mara 2.73 tu. Hili la pili halina ovadraivu, na bado injini yake imepumzika zaidi. Kwa hiyo istilahi yetu isimwahidi msomaji kasi, wala pumziko, wala akiba ya mafuta ikilinganishwa na gari jingine. Imwambie kile tu kinachotendeka ndani ya giaboksi.

KIFAA NA UWIANO NI MAMBO MAWILI

Hapa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha vurugu yote, na ambalo Kiingereza chenyewe hakikulitatua. Neno ovadraivu hutumika kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni uwiano ulio chini ya 1. Maana ya pili ni kifaa: mtambo mdogo unaofungwa nyuma ya giaboksi ya kawaida, wenye swichi au mkono wake. Mtambo wa Laycock de Normanville ulienea katika magari ya Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa wenye Land Rover, mtambo wa Fairey uliuzwa tangu miaka ya 1970.

Maana hizi mbili hazilingani kila mara, na gari la MGB linatupa ushahidi. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne. Kwa miaka mingi mtambo wake wa ovadraivu, wenye uwiano wa karibu 0.8, uliweza kuwashwa katika gia ya tatu na ya nne. Katika gia ya nne, ambayo ni 1.00, jumla yake ilishuka chini ya 1. Hapo kifaa na uwiano vyaafikiana. Lakini gia ya tatu ilikuwa 1.38 hivi. Mara 0.82, jibu ni 1.13. Mtambo umewashwa, swichi imebonyezwa, kila dereva atasema yumo katika ovadraivu. Na hata hivyo injini bado inazunguka upesi kuliko shafti itokayo. Kwa kifaa ni ovadraivu, kwa uwiano siyo.

Land Rover nayo hutuonyesha jinsi hesabu inavyovurugika mtambo unapoongezwa. Gari hilo lina gia nne, na giaboksi ya pili yenye njia mbili, ya juu na ya chini. Ndiyo maana wako wasemao lina gia nane. Akiongeza mtambo wa Fairey, mwenye gari aweza kudai kwamba sasa anazo 16. Hakuna aliyesema uongo, ila kila mmoja amehesabu kitu chake. Katika Land Rover ya Series III, gia ya nne katika njia ya juu, pamoja na difu ya 4.7, huleta jumla ya 5.4, mtambo wa 0.78 huishusha jumla hiyo hadi karibu 4.2. Tarakimu hizi zasema mengi kuliko neno "16".

Basi twapendekeza kwamba Kiswahili kifanye kile ambacho Kiingereza hakikufanya, yaani kutenga jina la kifaa na jina la uwiano.

WENGINE WALIITAJE?

Mtu akiona tabu kuacha kivuli cha neno la Kiingereza, na atazame lugha nyingine. Wafaransa huiita gia hii kwa neno lenye maana ya kuzidishiwa, wakiutazama mzunguko. Wajerumani walikuwa na neno "Schongang", yaani gia ya kuhurumia, wakiitazama injini iliyopunguziwa kazi. Waitalia wamewahi kuiita gia ya mapumziko. Kila taifa limekitazama kitu chenyewe na kukipa jina kwa upande lililouona. Sisi nasi tuna haki hiyo.

Na kwa hakika madereva wetu wamekwisha kuanza kazi hiyo. Dereva wa lori humwambia mwanafunzi wake ateremke kwa "gia nzito". Hapo hakutazama namba. Ametazama tabia, jinsi gari linavyoshikwa na injini. Tulinganishe na msemo "gia kubwa", ambao tumeukuta katika miswada kadhaa. Kubwa kwa nini? Kwa namba yake katika mkono wa gia, kubwa ni ya tano. Kwa tarakimu ya uwiano, kubwa ni ya kwanza. Mwalimu mmoja akisema "tumia gia kubwa" na mwingine akisema maneno yayo hayo, waweza kuwa wamesema mambo yanayopingana. Twashauri msemo huo usitumiwe kabisa katika maandishi ya mafunzo, na "gia nzito" ipewe heshima inayoistahili.

MAPENDEKEZO

Kiswahili kina desturi nzuri ya kuunda vivumishi kwa kiishio cha -i kutokana na vitenzi. Kila mwalimu wa sarufi anafundisha kitenzi kisaidizi na kitenzi kishirikishi. Kwa njia hiyohiyo twaona yafaa kuwa na kundi la istilahi linalotegemeana, hivi kwamba ajuaye moja aweza kuzikisia nyingine:

Uwiano wa gia: idadi ya mizunguko ya shafti iingiayo katika giaboksi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti itokayo.

Gia punguzi: gia yenye uwiano uliozidi 1, hupunguza mzunguko na kuongeza nguvu ya kuzungusha.

Gia sawa: gia yenye uwiano wa 1. Pale ambapo shafti mbili zimefungwa pamoja bila ya nguvu kupitia katika meno, itaitwa pia gia ya moja kwa moja. Tofauti hii ni ya lazima, kwani katika giaboksi kama ile ya Volkswagen tuliyoitaja kila gia hupitia katika meno, na njia ya moja kwa moja haipo.

Gia zidishi: gia yenye uwiano ulio chini ya 1, huzidisha mzunguko na kupunguza nguvu ya kuzungusha. Katika mitambo isiyo na gia za kuhesabika itasemwa uwiano zidishi.

Ovadraivu: kifaa kinachowashwa na kuzimwa na dereva ili kupata, au kuzuia, uwiano wa chini zaidi. Neno hili tumelikopa, na tulihifadhi kwa kifaa tu.

Idadi ya gia: idadi ya gia za kwenda mbele, bila ya rivasi, nayo itajwe daima pamoja na gia iliyo sawa. Kwa mfano: giaboksi ya gia nane, ya sita sawa.

Twajua yatakayosemwa. Wako watakaosema kwamba fundi wa gereji hatasema "gia zidishi" hata siku moja, na kwamba neno la kamati hufia katika faili. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Ndiyo maana hatukuligusa neno ovadraivu katika kinywa cha fundi. Kifaa anachokifungua kwa spana kibaki na jina alilolizoea. Lakini mwalimu wa chuo cha ufundi anayefundisha uwiano, na mfasiri anayeandika maagizo, wanahitaji neno linalosema ni nini kinachotendeka. Wengine watasema kwamba "zidishi" nalo laweza kumpoteza msomaji akadhani kinachozidishwa ni nguvu. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kwamba neno hili lisiingizwe katika kitabu chochote kwa mara ya kwanza bila ya kuandamana na neno mzunguko: gia zidishi, yaani yenye kuzidisha mzunguko. Baada ya hapo laweza kusimama peke yake.

Limebaki suala dogo la vitendo ambalo huwasumbua wengi. Katika magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na 2000 ambayo yangali yakitumika katika barabara zetu, ipo taa yenye maandishi "O/D OFF". Wapo wenye magari ambao, wakiiona imewaka, hudhani kwamba ovadraivu ndiyo imewaka, na huenda safari nzima ya mamia ya kilomita injini ikipiga kelele na mafuta yakiisha. Kosa hili ni la kawaida kwa binadamu: taa iliyowaka humaanisha kwamba kitu kinafanya kazi. Mfasiri asitosheke kuandika "taa ya ovadraivu". Aandike: "Taa hii ikiwaka, ovadraivu imezimwa."

Na ile sentensi iliyotuleta hapa tuliirudisha kwa mfasiri hivi: "Unapopanda au kuteremka mlima mrefu, zima ovadraivu, ili gari lisiingie katika gia zidishi, ambayo huzidisha mzunguko lakini hupunguza nguvu na kuifanya injini isisaidie breki." Ni ndefu kuliko ya kwanza kwa maneno zaidi ya kumi. Lakini yule msomaji mwangalifu aliposomewa, hakuinua kalamu yake nyekundu.

Tunayatoa mapendekezo haya yachambuliwe, na hasa tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi na wa shule za udereva, ambao huyajaribu maneno yetu mahali ambapo maneno hujaribiwa kweli.